Basi la mkoani linakuwa na madereva wawili, daktari aliyekesha anampokeza nani usukani?

#1 Kisiki cha Mvule
Salaam wakuu. Niende moja kwa moja.

Basi la Dar kwenda Mwanza linatakiwa kuwa na madereva wawili, na trafiki ana haki ya kuuliza mwenzako yuko wapi. Tumelikubali hilo kwa sababu tumezika watu wa kutosha. Sasa mdogo wangu ni daktari mtarajali, yaani amehitimu na yuko kwenye mafunzo ya vitendo, kwenye hospitali moja ya rufaa. Saa 1 na nusu asubuhi yuko kwenye ripoti, kisha raundi, kisha kliniki, jioni anaingia kol, zamu ya kukesha. Usiku kucha ni wodini na chumba cha upasuaji. Kukipambazuka anatoa ripoti, anaunga raundi ya siku ya pili, anatoka alasiri kama wagonjwa wakimruhusu. Hapo zimepita zaidi ya saa 30, na baada ya siku chache anarudia. Amekonda, anafoka hovyo, juzi kasinzia kwenye daladala hadi konda akamwamsha mwisho wa ruti.

Dai langu: tatizo halitokani na uhaba wa madaktari. Ni mazoea ambayo hakuna anayetaka kuyagusa. Wenye hospitali na wenye sheria, nipingeni.

#2 Profesa Majalala
Nimevuta kigoda. Wenye stetoskopu waje.

#3 Fundi Mifupa
Nimekuja. Mkuu, mazoea yapo, ila anza na hesabu. Idara ina watarajali wanne na kila usiku anahitajika mmoja. Kila mtu anakesha usiku wa nne. Mmoja akiugua, mnakesha kila usiku wa tatu. Ukisema aliyekesha aende kulala saa 2 asubuhi, raundi ataifanya nani? Waliobaki ni watatu: mmoja kliniki, mmoja yuko kwenye upasuaji, mmoja anajiandaa kukesha leo. Wodi ya wazazi haina siku ya kufunga.

Shirika la Afya Duniani (WHO) walipopiga hesabu za malengo ya 2030 walisema nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Sisi hapo hatujafika hata kwa kupanda mabega ya wenzetu. Ukimlaumu mpanga zamu unamwonea.

#4 Ngosha wa Kirumba
Fundi, hapo sikubali. Mtaani kwetu kuna vijana wawili wamemaliza udaktari na utarajali, leseni wanazo, mmoja sasa anauza makava ya simu. Wodini hawatoshi, mtaani wamejaa. Kinachokosekana ni kibali cha ajira na fungu la mishahara. Aliye ndani anafanya kazi ya watu wawili, wa pili yuko nje anasubiri tangazo la Utumishi. Sasa huo uhaba ni wa watu au wa hela?

#5 Mwanasheria Kivuli
Nichangie upande wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ipo wazi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Usiku unahesabiwa kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na una nyongeza ya asilimia 5. Kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki.

Waliotolewa kwenye sheria hiyo ni JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Sijaona neno daktari.

#6 Bint Mkunazini
Mwanasheria, ongeza kwamba hiyo ni ya Bara. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Kila siku mnaandika "Tanzania" halafu mnaishia Kigamboni.

#7 Mwanasheria Kivuli
Kweli dada, nilipaswa kusema Bara. Shukrani.

#8 daktari_mchovu
Mwanasheria, sheria uliyoiweka ni nzuri, ila wodini haipiti kwenye hata mlango mmoja. Kwanza ina kifungu cha dharura, na hospitali dharura ndiyo kazi yenyewe. Saa 8 usiku analetwa mama anatoka damu, utamwambia saa zako 12 zimeisha?

Pili, na hapa ndipo penye ujanja: kol haihesabiwi kama saa za kazi. Kwenye makaratasi inaitwa "kuitwa kazini", na unalipwa posho ya kuitwa. Maana yake uko kwako umelala, simu ikilia unakwenda. Kwa bingwa inaweza kuwa kweli. Mtarajali haitwi kutoka popote, yuko pale pale amesimama. Lakini jedwali la zamu linamwonyesha amefanya saa 8 za mchana na usiku "aliitwa". Mkaguzi wa kazi akija na kalamu yake hataona kosa.

#9 Mbeya hadi Stuttgart
daktari_mchovu umegusa ugomvi uliofika mahakamani huku. Ujerumani nao walikuwa wanasema daktari akiwa kwenye chumba cha zamu amelala, hiyo ni mapumziko. Daktari mmoja wa Kiel akashtaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema ukitakiwa kuwepo hospitalini, hiyo ni kazi hata ukikoroma. Miaka mitatu nyuma ilikwishasema hivyo kwenye kesi ya madaktari wa Hispania. Ukijumlisha na ukomo wa Ulaya wa wastani wa saa 48 kwa wiki, hospitali zilibidi zipange zamu upya. Mke wangu ni daktari hapa, akitoka usiku haonekani kazini siku ile.

#10 Fundi Mifupa
Ndiyo maana madaktari wetu wanajifunza Kijerumani usiku wa kol. 😂

#11 Zawadi wa Leeds
Kaka wa Stuttgart asiwapake mafuta. Hapa Uingereza saa 48 zipo, lakini kuna fomu ya kukubali kwa hiari yako kuzivuka. Ukiwa mgeni, viza inategemea mwajiri, idara ina mapengo, fomu inaletwa pamoja na mkataba. Hiari hiyo wabongo tunaijua. Na hiyo 48 ni wastani wa wiki nyingi. Wiki moja unaweza kula 70 na ukawa halali kabisa.

#12 Mbeya hadi Stuttgart
Hata huku fomu hiyo ipo kupitia mikataba ya vyama. Sikuisema kwa sababu mke wangu hakuisaini, nikidhani wote wako hivyo.

#13 Kaka wa Nakuru
Hamjambo majirani. Kwetu Kenya madaktari waligoma siku 100, kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na Februari viongozi saba wa KMPDU, chama cha madaktari, wakapelekwa jela kwa kudharau amri ya korti. 2024 wakagoma tena siku 56. Muulize Mkenya yeyote barabarani mgomo ulihusu nini, atakwambia pesa. Ule wa 2024 ulishikana kwa malipo ya maintern, mkataba ukisema shilingi 206,000 na kitu kwa mwezi, serikali ikitaka kuwapa 70,000. Nyinyi, mgomo wenu wa 2012 ulianzaje?

#14 Ngosha wa Kirumba
Ulianza na posho za watarajali kucheleweshwa, halafu ukapanda hadi posho ya kuitwa kazini, mazingira magumu na mengine. Yaliyofuata kila mtu anayakumbuka, tusiyafukue humu, mods watafunga uzi.

#15 Kaka wa Nakuru
Basi ndiyo maana yangu. Saa zikifika mezani zinageuzwa kuwa shilingi. Hukuhesabiwa usiku wako? Ongezewa posho. Posho ikiongezwa, daktari mwenyewe anataka kol zaidi kwa sababu ana karo ya kulipa. Hakuna aliyegoma kudai alale. Siwezi kusema ni kosa la serikali pekee, sisi wenyewe hatujawahi kuuweka usingizi kwenye orodha.

#16 Muuguzi Mstaafu
Nimewasoma kimya tangu jana. Wanangu, sisi wauguzi tuna zamu tatu: asubuhi, jioni, usiku. Ukimaliza unakabidhi kitabu na unakwenda zako. Hospitali ile ile, serikali ile ile, bajeti ile ile, uhaba ule ule. Kwa nini iliwezekana kwetu? Nanyi kwenye kol mna chumba chenye kitanda. Nimegonga milango ya vyumba hivyo miaka mingi, na kuna madaktari niliwaamsha hadi nikatumia mguu.

#17 daktari_mchovu
Bibi, shikamoo. Kitanda kipo kweli, ila anayelala ni mkubwa wetu.

#18 Mzee wa Raundi
Mimi ni bingwa, nimefundisha wengi. Nitasema msilopenda. Daktari anajifunza ugonjwa kwa kuufuata. Mgonjwa aliyeingia saa 10 jioni na tumbo linalouma, saa 4 usiku tumbo limekaza, saa 11 alfajiri yuko mezani anapasuliwa. Ukimwona kwa muda wa saa 8 tu kisha ukampa mwenzako, umeona kipande. Na kila makabidhiano ni tundu: anayeondoka anasahau kusema mgonjwa ana mzio, anayeingia hasomi faili.

Msidhani ni ukoloni wa wazee. Marekani walifanya jaribio kubwa kwenye programu 117 za mafunzo ya upasuaji, mwaka wa masomo 2014 hadi 2015. Nusu walibanwa na ukomo wa zamu, nusu waliachiwa zamu ndefu, mradi wote wasizidi wastani wa saa 80 kwa wiki. Vifo na matatizo makubwa kwa wagonjwa havikutofautiana. Na 2017 wakawarudishia watarajali wa mwaka wa kwanza zamu za saa 24, baada ya kuwabana kwenye 16 tangu 2011.

#19 daktari_mchovu
Mwalimu, heshima yako. Jaribio hilo nalijua, lakini lilipima mgonjwa zaidi kuliko daktari. Waliokuwa kwenye zamu ndefu wenyewe walisema zinawaumiza afya na muda wa familia.

Na lipo la 2004 kutoka Boston ambalo hukulitaja. Watarajali wa wodi za wagonjwa mahututi waliokuwa kwenye zamu za kawaida, zile ndefu, walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipopunguziwa saa. Mwaka uliofuata watafiti hao hao wakaonyesha kwamba mtarajali anayeendesha gari baada ya kukesha, uwezekano wa kugonga unazidi mara mbili. Kuhusu tundu la makabidhiano, 2014 hospitali kadhaa za watoto za Marekani na Kanada zilifundisha namna moja ya kukabidhi kwa mpangilio, makosa yakashuka asilimia 23. Tundu linazibika bila kumkeshesha mtu.

Halafu mwalimu, aliyeanzisha mtindo huu wa mwanafunzi wa upasuaji kuishi hospitalini ni William Halsted wa Johns Hopkins, mwishoni mwa karne ya 19. Mtu mkubwa, hilo hatubishi. Alikuwa pia mraibu wa kokeini, na baadaye mofini. Saa zetu zimepangwa kwa kipimo chake.

#20 Profesa Majalala
Kumbe! Sisi mnatupimia kahawa na mirungi, mpangaji mwenyewe alikuwa kwenye ligi nyingine.

#21 Mzee wa Raundi
Halsted sikumtetea. Namtetea mgonjwa. Ila la makabidhiano nakubali nusu: hapa kwetu tunakabidhiana kwa mdomo, kwenye korido, na simu iko sikioni.

#22 Mtoto wa Kariakoo
Hizo saa 80 za Marekani zililetwa na chama cha madaktari wao. Wa kwetu wamelala.

#23 Zawadi wa Leeds
Si kweli #22. Zililetwa na baba aliyefiwa. Binti wa miaka 18, Libby Zion, alifia hospitalini New York mwaka 1984, baba yake alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, akalivalia njuga. Jimbo la New York likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki na 24 mfululizo mwaka 1989. Nchi nzima ikafuata 2003. Ingawa ukiisoma kesi, linalotajwa sana ni mgongano wa dawa: alikuwa anatumia dawa ya mfadhaiko, akapewa pethidini, dawa kali ya maumivu. Uchovu na daktari kijana kuhudumia wagonjwa wengi bila mkubwa kuwepo ndivyo vilivyoibua kelele. Kwa hiyo hata pale hakuna aliyethibitisha usingizi ndio ulioua.

#24 Mlipakodi Mwenye Hasira
Mmezunguka weee, hamjasema ukweli. Madaktari wengi hawachoshwi na serikali, wanajichosha. Akitoka kol ya serikalini anakimbilia hospitali binafsi, jioni ana duka la dawa, Jumamosi ana kliniki yake. Mimi nilimkuta daktari wa wodi ya serikali asubuhi, usiku nikamkuta yeye yule kwenye hospitali ya kulipia, anapiga miayo mbele ya mke wangu. Mkimpa siku ya kupumzika ataiuza.

#25 Fundi Mifupa
Nimefanya hivyo. Sikatai. Nina wazazi wawili kijijini, wadogo shuleni, na mkopo wa Bodi unakatwa kila mwezi. Ila watarajali hawana hata hiyo nafasi, kwa hiyo hoja yako haielezi mdogo wa #1.

#26 Ngosha wa Kirumba
Na kama siku ya mapumziko ataiuza, ina maana kuna mnunuzi. Hospitali binafsi nazo zinamtaka aliyechoka kwa sababu ni rahisi kuliko kuajiri yule muuza makava. Tunarudi kwenye hela.

#27 Dk. Mama Wawili
Mnaongea wagonjwa, sheria, Halsted. Hakuna aliyeuliza mwili wa daktari unakuwaje, na kichwa cha uzi ni hicho.

Nikiwa mtarajali nilikuwa mjamzito. Mwanasheria ataniunga mkono: sheria hiyo hiyo inasema mjamzito asipangiwe usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na mapema zaidi akileta cheti kwamba kazi ya usiku haimfai. Cheti nilitakiwa kukipata kwa mkuu wa idara, ambaye ndiye aliyepanga zamu. Sikukiomba. Niliogopa wenzangu watatu watakaobeba usiku wangu kuliko nilivyoogopa presha yangu. Miguu ilivimba, nikawa nampima mgonjwa presha, akitoka najipima mimi, naandika ya mgonjwa, yangu naifuta kichwani. Nililazwa kwenye wodi niliyokuwa nafanyia raundi. Mtoto mzima, namshukuru Mungu.

Na hilo ndilo ninaloliona kila mahali. Daktari hana faili. Kichwa kikiuma anajiandikia dawa koridoni. Vidonda vya tumbo anavitibu kwa kuomba sampuli kwa watu wa kampuni za dawa. Akijichoma sindano usiku, anapiga hesabu: nikienda kuripoti na kuanza dawa za kinga nitapoteza saa nzima na foleni inaningoja. Wapo wanaosubiri hadi asubuhi wakati wanajua kila saa ina maana.

#28 Mwanasheria Kivuli
Nakuunga mkono #27, kifungu ni hicho. Ila nasoma nikiwaza nani angelalamika kwa niaba yako.

#29 Kisiki cha Mvule
Dk. Mama Wawili ahsante. Swali la mjinga: lakini mwili si unazoea? Walinzi wanakesha miaka yote.

#30 Dk. Mama Wawili
Unazoea kutolalamika. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa takwimu: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Hao ni wafanyakazi wote, si madaktari tu. Na kazi ya zamu za usiku shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, tangu 2007, wakarudia 2019. Mlinzi wako naye yumo.

Kuhusu akili: watafiti wa Australia walionyesha 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.10 kwenye damu. Ukimkuta dereva hivyo unampokonya funguo.

#31 Mlinzi wa Lindo
Mimi ni mlinzi kweli, na nasema si wingi wa saa, ni saa yenyewe. Saa 9 hadi saa 11 alfajiri mwili unazima hata kama ulilala mchana mzima. Nimefanya lindo la usiku la muda wa saa 6 nikachoka kuliko la mchana la muda wa saa 12. Mngepanga mambo magumu yasifanyike saa hizo.

#32 Fundi Mifupa
Mkuu, watoto wanazaliwa saa hizo hizo.

#33 Zawadi wa Leeds
Kwa wanaodhani nchi tajiri zimemaliza: Japani ukomo wa saa za ziada kwa madaktari umeanza kutumika Aprili 2024, na ni saa 960 kwa mwaka. Baadhi ya hospitali na walio mafunzoni wanaruhusiwa hadi 1,860. Gawanyeni kwa wiki, ni karibu saa 36 juu ya kazi ya kawaida. Na Korea Kusini watarajali na wengine walio mafunzoni waliondoka kwa maelfu mwaka huo huo wa 2024, serikali ilipotaka kuongeza nafasi 2,000 za wanafunzi wa udaktari.

#34 Ngosha wa Kirumba
Subiri. Wamechoka, wanaletewa wenzao wa kuwasaidia, wanagoma?

#35 Zawadi wa Leeds
Hoja yao ilikuwa kwamba madaktari wapya wasingeenda kwenye fani ngumu na mikoa isiyopendwa, na kwamba mtarajali anatumiwa kama nguvukazi ya bei rahisi. Wapinzani wao wakasema wanalinda vipato. Chagua.

#36 Mtoto wa Kariakoo
Kuhusu mabasi, tangu 2023 yanaruhusiwa tena kusafiri usiku. Nani kapanda la usiku la Mwanza? Viti vinalalika?

#37 Profesa Majalala
Uzi umepotea njia, dereva kasinzia.

#38 Mke wa Daktari
Naomba nirudishe. Mume wangu ni bingwa, ana miaka 50 na kidogo. Anaumwa kichwa kisogoni asubuhi, anakoroma hadi anakata pumzi, anakunywa vidonge alivyojiandikia mwenyewe. Nikimwambia apime presha anasema ni uchovu wa kol, itashuka akienda likizo. Likizo haendi.

#39 Dk. Mama Wawili
Dada, kukoroma na kukata pumzi hilo nalo alieleze kwa daktari mwenzake, linaweza kuwa ndilo linalopandisha presha. Na atoke hospitali yake. Pale kila mtu anamwogopa, hakuna atakayemwambia ukweli.

#40 Mzee wa Raundi
Asiibebeshe kol kila kitu. Wa umri huo wapo wakulima wasiokesha na presha wanazo. Chumvi, uzito, ukoo. Apimwe kwanza.

#41 Muuguzi Mstaafu
Nunua mashine ya mkononi, mama. Akae ameegemea kiti dakika tano, asiwe amekunywa kahawa nusu saa nyuma, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na asiongee. Asubuhi na jioni, wiki moja. Andika wewe, usimwachie yeye kalamu.

#42 Mke wa Daktari
Nimenunua. Leo asubuhi amekubali kupimwa. Kaangalia namba, kasema mashine ni mbovu, ni ya Kichina, kaingia bafuni.

#43 Muuguzi Mstaafu
Mashine za Kichina ndizo anazowapimia wagonjwa wake. Namba ngapi?